Mwongozo wa Nusukaputi kwa Anayeshuka Kutoka Shighatini

Umepewa barua ya rufaa. Huenda ni ngiri, huenda ni nyonga, huenda ni mtoto aliyekataa kugeuka tumboni. Hilo ni kati yako na daktari aliyekuandikia. Mwongozo huu una kazi moja: kukupitisha kwenye meza ya upasuaji na kukurudisha mlimani ukiwa na damu yako nyingi kadiri iwezekanavyo, ikiganda pale inapotakiwa kuganda na kutembea kwingine kote. Usome wote kabla hujashuka Mwanga kutafuta gari la Moshi. Fuata hatua kwa mpangilio. Hutazifuata, lakini si uungwana kumwacha mtu aende bila kuambiwa.

Anza kwa kuchagua cha kuogopa. Watu wengi hukosea hapa hapa. Habari ya rufaa yako ikishafika mtaani, shangazi atakuja kukueleza kwamba nusukaputi huifanya damu kuwa nyepesi, mtu akatoka damu hadi akaisha. Kesho yake jirani atakuja na kinyume chake: dawa ya usingizi hugandisha damu, ndiyo maana wengine hawaamki. Wote wawili wana shahidi, na mashahidi wote wawili wanaishi Kikweni. Wasikilize kwa heshima. Wape chai. Usiwakutanishe.

Wakiondoka, kumbuka msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Ukingo wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ukibomoka, baragumu linapigwa. Wa karibu wanafika kwanza na kuziba kwa chochote walichoshika, halafu wanakuja wengine na fito, mawe na udongo. Mshipa wa damu ukikatwa ni hivyohivyo. Wa kwanza kufika ni chembe sahani. Zinajibandika penye jeraha, zinashikana, na zinatoa kemikali iitwayo thromboksani ili kuziita nyingine. Hilo ndilo baragumu. Nyuma yake zinakuja protini zilizotengenezwa na ini, zikiamshana moja baada ya nyingine mpaka ipatikane thrombini, nayo inaigeuza faibrinojeni kuwa nyuzi za faibrini. Hizo ndizo fito. Baadaye, ukuta ukishapona, kinafika kikosi cha pili, plasmini, ambacho kazi yake ni kubomoa kiraka ili njia ibaki wazi. Mtu mwenye afya ana vikosi vyote viwili, na kila kimoja kinamchunga mwenzake. Cha kwanza kikizembea, unatoka damu. Cha pili kikizembea, bonge linabaki mguuni, linanenepa, na siku moja linapanda hadi kwenye mapafu.

Sasa leta dawa za usingizi kwenye msaragambo huo. Halothani, gesi iliyotumika miaka mingi katika hospitali za nchi zetu, hufanya chembe sahani zisikie baragumu kwa kuchelewa kidogo. Sevofulureni nayo hivyo, kwa kuzuia utengenezaji wa thromboksani. Isofulureni, ndugu yao, karibu haina neno. Propofoli, ile nyeupe ya kudunga mshipani, imeonekana ikizubaisha chembe sahani ndani ya vijaribu vya maabara, na ketamini pia. Rudia neno hilo: vijaribu. Kwa binadamu aliyelala mezani tofauti ni ndogo kiasi kwamba mpasuaji haioni kwenye pamba zake, na dawa ikishatoka mwilini, nayo inatoka. Kazi inafanyika. Watu wawili watatu wamechelewa, kama kawaida yao. Kwa hiyo shangazi ana kweli kidogo, jirani hana kabisa, na wote wawili wamemshika mtu asiye na hatia. Usimwambie shangazi hivyo. Yeye ana shahidi, wewe una maabara tu.

Hatua inayofuata ni kuchagua kati ya nusukaputi na sindano ya mgongo. Huchagui wewe, lakini utaulizwa kana kwamba unachagua, na adabu ni kujibu "Wewe ndiye unayejua, daktari," kisha kwenda nje kulalamika. Mgonjwa wa kawaida huikataa sindano ya mgongo kwa sababu mtu fulani aliyedungwa miaka ya nyuma bado anaumwa kiuno, ingawa mtu huyo pia amelima mtelemko wa Shighatini kwa jembe la mkono tangu akiwa darasa la tatu.

Kwa upande wa damu, sindano ya mgongo ina sifa zake. Ganzi ikishuka, mishipa ya miguu hutanuka na damu hupita kwa kasi badala ya kutuama. Tena, upasuaji wenyewe huushtua mwili, na mwili ulioshtuka hufungia kikosi cha plasmini ndani kwa siku kadhaa, mabonge yakapata nafasi ya kukua. Ganzi ya mgongo hupunguza mshtuko huo. Mwaka 2000 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 141 yaliyohusu wagonjwa 9,559, ukaonyesha kwamba waliopata ganzi ya mgongo walipungukiwa mabonge ya miguuni kwa asilimia 44 na ya mapafuni kwa asilimia 55. Watu wakashangilia. Halafu wakakumbuka kwamba mengi ya majaribio hayo yalifanyika kabla ya sindano za kuzuia mabonge kuwa jambo la kawaida. Mwaka 2021 yakaja matokeo ya wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada waliovunjika nyonga: baada ya siku 60, waliodungwa mgongoni na waliolazwa usingizi kamili hawakutofautiana katika kufa wala katika kutembea. Shikilia basi hivi: njia zote mbili zinafaa, na anayejua ipi inakufaa ni yule atakayekaa kichwani pako muda wote huku mpasuaji akipewa sifa. Jina lake hutalikumbuka.

Sindano ya mgongo ina adui mmoja wa kweli: dawa za kuzuia damu kuganda. Mtu anayemeza wafarini kwa ajili ya vali ya moyo, au aliyedungwa heparini karibuni, akichomwa mgongoni anaweza kuvujia damu kando ya uti wa mgongo, bonge likaubana, na miguu isirudi. Ndiyo sababu wafarini husimamishwa takriban siku 5 kabla, na baada ya dozi ndogo ya enoksaparini husubiriwa angalau saa 12. Asprini peke yake kwa kawaida haizuii sindano hiyo. Kinachoizuia ni mtaalamu kutokujua umemeza nini. Na hatajua, kwa sababu sasa tunafika kwenye swali.

Swali ni hili: "Unatumia dawa yoyote?" Ni fupi, linaulizwa kwa upole, na jibu lake kwa mujibu wa desturi ni "Hapana." Jifunze kulitamka vizuri, maana kila mtu hulitamka. Sikiliza wanavyofanya wazoefu:

"Shikamoo babu. Unatumia dawa yoyote?"

"Marahaba mwanangu. Hapana."

"Za presha?"

"Hizo ndiyo."

"Za moyo?"

"Kile kidogo cha asubuhi."

"Asprini?"

"Hiyo si dawa, mwanangu. Hiyo ni ya mafua."

"Na miti shamba?"

Hapo babu humgeukia bibi, bibi huangalia dirishani, na mtaalamu wa usingizi huandika mstari mfupi wa kulala.

Elewa kanuni zilizofichika hapa, maana hakuna atakayekufundisha. Dawa ni ile iliyoandikwa na daktari huyu, kwa kalamu hii. Kilichonunuliwa dukani pamoja na kiberiti na sabuni si dawa. Kilichotolewa na mama mkwe si dawa, ni heshima. Kilichochemshwa na kutiwa kwenye dumu la lita tano ni siri ya familia, na anayeitoa siri ya familia mbele ya mtu aliyevaa kofia ya kijani ataulizwa akirudi.

Ukitaka kuvunja kanuni, jambo ambalo huwezi, hivi ndivyo ungesema. Asprini: kidonge kimoja huizima chembe sahani kwa maisha yake yote, yaani siku 7 hadi 10, na mwili inabidi utengeneze nyingine. Hivyo ile uliyomeza Jumapili baada ya ibada itakuwa mezani pamoja nawe Alhamisi, na athari yake ni kubwa kuliko ya gesi yoyote uliyokuja ukiiogopa. Diklofenaki na ibuprofeni, zile unazopewa dukani kwa ajili ya kiuno, nazo hulizuia baragumu, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Kitunguu saumu kinachotafunwa kwa wingi kwa ajili ya presha kina sifa hiyohiyo, na wataalamu hupenda kiachwe wiki moja kabla ya kisu. Tangawizi, ambayo wenzetu wa Mamba Miamba wanailima kwa magunia, imeonyesha nguvu kidogo maabara, na kwa watu majibu yamekuwa huku na huku. Kikombe chako cha chai hakina tatizo, ila ukiwa unaisaga na kuinywa kama tiba, itaje. Dengelua, kinywaji ambacho kwa desturi hakihesabiwi kuwa pombe, huhesabiwa na ini, na ini lililochoka halitengenezi fito za kutosha. Yapo pia majani fulani yanayong'olewa na serikali upande wa Same na ambayo hakuna mtu yeyote aliyewahi kuyatafuna. Hupandisha presha na mapigo ya moyo, na mshipa uliokatwa ukiwa na presha juu hutoa damu zaidi. Mtaalamu wa usingizi si polisi. Mwambie.

Lakini usijipe cheo. Wapo wanaosoma ukurasa kama huu, wakaacha vidonge vyao vya moyo wenyewe wiki nzima ili wafike wakiwa "safi." Kuacha asprini au wafarini bila kuambiwa, kwa mtu mwenye moyo uliowahi kuziba au vali ya bandia, kunaweza kumletea bonge kabla hata hajafika Mwanga. Kazi yako ni kusema. Kuacha au kuendelea ni kazi yao. Utafanya kinyume: utaacha, na hutasema.

Vipimo vitafuata, na vitakupa imani usiyostahili. Katika hospitali kubwa utatolewa damu ikaenda kwenye mashine. Katika hospitali ndogo kuna kipimo cha zamani ambacho Shirika la Afya Duniani bado linakitaja kwa walioumwa na nyoka: mililita chache za damu kwenye kijaribu cha kioo kisafi na kikavu, kisiguswe kwa dakika 20, kisha kiinamishwe mara moja. Ikimwagika, haigandi. Kijaribu lazima kiwe cha kioo, kwa sababu kioo ndicho kinachoiamsha damu. Cha plastiki kitaiacha imelala, na kilichooshwa kwa sabuni kitadanganya. Utamwona ndugu yako mmoja akinyoosha mkono kukitikisa ili "kuona kama tayari." Mzuie. Hutamzuia.

Hata hivyo kipimo kizuri kuliko vyote hakina kijaribu. Ni maswali. Uling'olewa jino ukatoka damu hadi kesho yake? Jandoni ilikuwaje? Ulipojifungua? Pua hutoka damu bila sababu? Kuna mjomba aliyekufa kwa kidonda kidogo? Majibu ya maswali haya humwambia mtaalamu mengi kuliko karatasi ya maabara. Wanaume, tahadhari: swali la jando hujibiwa kwa ushujaa, na ushujaa haufai kitu kwenye faili.

Sasa damu ya akiba. Utaambiwa ulete ndugu wa kuchangia. Itisha kikao cha ukoo. Kitajaa. Patakuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na hoja ya awali itakuwa mchango wa shilingi, ambao utapita kwa haraka isiyo ya kawaida kwa watu wa milima hii. Hoja ya pili itakuwa damu, na hapo ndipo wengi watakumbuka ng'ombe. Sifa za mchangiaji si siri: umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wekundu wa damu wa kutosha, na asiwe amechangia karibuni. Anatoa mililita 450 hivi kati ya takriban lita 5 alizonazo. Jitihada zote za Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye kituo cha Kanda ya Kaskazini pale Moshi, husimama juu ya watu wanaokubali hilo bila kuwa na mgonjwa wodini. Damu haiuzwi, kwa hiyo hakuna punguzo la kuomba, na hilo humkosesha raha mweka hazina. Mwishoni wataenda vijana wawili na mkwe. Wajomba watatoa ushauri.

Kufunga kula usiku wa kuamkia upasuaji ni mwongozo mwingine wenye makande ndani yake, na hapa hauna nafasi.

Siku yenyewe, jihadhari na baridi. Wewe umekulia Shighatini, unajua Julai ikoje, na unadhani chumba cha upasuaji hakiwezi kukufundisha kitu. Kinaweza. Dawa ya usingizi huuondolea mwili uwezo wa kujilinda na baridi: mishipa ya ngozi hufunguka, joto la ndani hukimbilia nje, na katika saa ya kwanza unaweza kushuka nyuzi moja au zaidi bila kutetemeka. Hapo ndipo msaragambo unapolegea kweli, maana chembe sahani na protini zote hufanya kazi kwa joto. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kupoa kwa chini ya nyuzi moja tu kuliongeza damu iliyopotea kwa takriban asilimia 16, na uwezekano wa kuongezewa damu kwa asilimia 22. Na sasa sikiliza sehemu tamu. Ukitolewa damu ukiwa umepoa hivyo, maabara itaipasha hadi nyuzi 37 kabla ya kuipima, kwa sababu ndivyo mashine ilivyowekwa. Karatasi itarudi ikisema damu yako inaganda vizuri kabisa. Ni kweli. Inaganda vizuri maabara, ambako kuna joto.

Kwa hiyo vua sweta ukiambiwa, lakini omba blanketi, kabla na baada. Utaona haya kuomba. Mzee hawezi kuanza kuomba blanketi mbele ya mabinti wa watu.

Pamoja na baridi kuna dripu. Ndugu zako wanaipenda sana dripu. Kwao mgonjwa asiye na dripu ametelekezwa, na mwenye chupa mbili anahudumiwa. Waambie taratibu kwamba maji ya chumvi hayana chembe sahani wala faibrinojeni. Lita mbili tatu zikiingia kwa kasi huizimua damu iliyopo, na zikiwa hazijapashwa moto huizidisha ile baridi. Maji yana kazi yake na mtaalamu anajua kipimo. Ila ukimwona binamu anainuka kulegeza kibano cha mrija "ili iende haraka tuondoke," jua kwamba ameingia kwenye historia yako ya ugonjwa.

Kina mama wanaokwenda kujifungua kwa upasuaji, hatua hii ni yenu. Kwa kawaida mtapewa sindano ya mgongo, na ni vizuri. Mkipewa gesi, jueni kwamba gesi za usingizi hulegeza misuli ya mji wa mimba, na mji uliolegea haukazi mishipa yake, damu ikatoka kwa wingi. Watu watasema dawa imeyeyusha damu. Haikuyeyusha kitu, imelegeza msuli, na msuli una dawa zake.

Lakini kuna nyakati ambapo kikosi cha plasmini hubomoa kiraka kabla ukuta haujapona, na kwa hilo ipo asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa na Wajapani wawili, Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na kutangazwa mwaka 1962. Ilikaa karibu nusu karne ikitumika kwa mambo madogo. Mwaka 2010 majaribio ya majeruhi 20,211 yakaonyesha kwamba inapunguza vifo. Mwaka 2017 yakaja ya wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo: mama anayetoka damu baada ya kujifungua, akidungwa ndani ya saa 3, hatari yake ya kufa kwa kutoka damu hupungua kwa karibu theluthi. Majaribio mengine, yaliyofanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani, yaliwahusisha kina mama 15,068 wenye upungufu wa damu; dawa ilitolewa kabla hawajaanza kutoka damu, na haikuzuia kitu. Dawa hii inamtaka mama ambaye damu imeshaanza kutoka, na inamtaka mapema.

Saa 3, basi. Hesabu. Toa muda wa kusubiri mwenye nyumba arudi aamue. Toa muda wa kutafuta bodaboda usiku, na wa bodaboda kumtafuta mwenye mafuta. Toa muda wa Noah, ambayo haiondoki mpaka ijae, na ikijaa husubiri mmoja. Kilichobaki ndicho alichopimiwa mama. Ikiwa unajua mimba ina shida, shuka mapema ukae karibu na hospitali. Utaambiwa huo ni uoga wa watu wa mjini.

Umeamka. Hongera. Sasa ndipo hatari ya pili inaanza, na hii haitoki kwa dawa bali kwa upendo. Kanuni ya wodi zetu ni kwamba mgonjwa mwema halali kidogo, hulala sana. Muuguzi atakuja kukuambia uinuke, utembee hadi mlangoni. Ndugu watamwona katili. "Mwache mwanetu apumzike." Kumbuka kikosi cha plasmini kimefungiwa ndani, mishipa ina majeraha ya kisu, na miguu haijatikisika tangu jana: masharti yote matatu ya bonge yanayoitwa kwa jina la Mjerumani Rudolf Virchow wa karne ya 19 yametimia juu ya kitanda kimoja, na yamefunikwa shuka safi. Inuka. Chezesha vifundo vya miguu ukiwa umelala. Ukiletewa sindano ndogo ya tumboni ya kuzuia mabonge, kubali, wala usiulize kwa nini tumboni wakati lililopasuliwa ni goti.

Halafu atakuja shangazi yule yule, safari hii na chupa ya mafuta ya kuchua. Mguu wako mmoja umevimba, unauma kwenye misuli ya nyuma, una joto kuliko mwenzake. Shangazi ana mikono yenye nguvu na nia njema. Ukumbatie mguu wako kwa mikono miwili. Mguu mmoja unaovimba baada ya upasuaji huenda una bonge ndani, na kuuchua kunaweza kulichomoa likapanda mapafuni. Muite muuguzi. Ukiwa umeshatoka hospitali, rudi, kwa sababu hatari hii hudumu wiki kadhaa, na mabonge mengi hujitokeza nyumbani watu wakishamaliza kushukuru. Kifua kikibana ghafla, pumzi ikikata, ukikohoa damu, usisubiri asubuhi. Na kwenye safari ya kurudi, gari likisimama Mwanga, teremka utembee kidogo kabla ya kuanza kupanda. Utabaki umeketi, kwa kuhofia kiti.

Mwisho, kwa kuwa imeshajulikana kwamba hutasema ulichomeza, ipo njia moja inayofanya kazi. Siku ya kuonana na mtaalamu wa usingizi, nenda na mjukuu wa miaka sita au saba. Huyu bado hajafundishwa kanuni. Swali likiulizwa nawe ukajibu "Hapana," atasahihisha papo hapo: kuna dumu chini ya kitanda, bibi hunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na babu ana vidonge vyeupe ndani ya kopo la kahawa. Usimfinye. Nauli yake ni nusu, na akipakatwa ni bure.